Rangi Iliyokauka Bado Haijaiva

Fulana ya msiba huvaliwa siku moja, lakini haitupwi. Baada ya mazishi hufuliwa, hukunjwa na kuwekwa kabatini, na mwaka ukizunguka hutolewa tena kwa ajili ya kumbukumbu. Ndiyo maana inauma pale sura ya baba iliyochapwa kifuani inapotoka na maji ya kwanza ya kufulia, ikabaki doa la kijivu lisilo na macho wala tabasamu. Mwenye fulana humlaumu fundi kwamba ametumia rangi feki. Fundi humlaumu aliyemuuzia rangi dukani. Muuzaji naye husema mzigo wa safari hii umeharibikia kiwandani. Mara nyingi rangi yenyewe haikuwa na kosa. Ilikaushwa tu, haikuivishwa.

Kwa macho huwezi kutofautisha kukauka na kuiva. Fulana mbili zinaweza kulala mezani zikiwa na nembo ileile, zote kavu ukizipapasa, na bado moja ikadumu mpaka kitambaa chenyewe kichakae huku nyingine ikiishia kwenye beseni. Kwa kuwa hakuna kinachoonekana, hii ndiyo hatua inayorukwa kirahisi kuliko zote katika kazi ya kuchapa fulana. Kwa maoni yangu, ndiyo pia inayomtenganisha fundi na mtu mwenye skrini.

Kazi yenyewe imetuzunguka. Mei Mosi kila mwajiri anataka wafanyakazi wake waandamane na fulana mpya. Kuna kipaimara, mahafali, mbio za hisani, mashindano ya mitaa, harusi zenye kamati tatu, na msimu wa kampeni ambapo karakana hazilali. Dar es Salaam kazi hii imejaa Kariakoo na mitaa ya jirani. Nairobi utaikuta River Road, na Kampala wachapaji wamejazana Nasser Road. Wengi wanatumia njia ambayo Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, aliiandikia hataza mwaka 1907: fremu iliyowambwa kitambaa chenye matundu madogo, sehemu zisizotakiwa zikazibwa, kisha rangi ikasukumwa kwa mpira ipite kwenye sehemu zilizoachwa wazi. Karne imepita na ushei, vifaa vimeboreshwa, lakini mkono wa fundi unafanya mwendo uleule.

Kinachotofautiana ni rangi inayosukumwa. Kwa miaka mingi rangi iliyotawala fulana duniani ni plastisoli, yaani chembe za plastiki ya PVC zilizochanganywa na kimiminika cha kulainisha. Plastisoli haina maji, kwa hiyo haikauki hata ukiiacha juu ya skrini usiku kucha. Inangoja joto, na ikilipata inayeyuka na kuwa ngozi moja ya plastiki juu ya nguo. Ni rangi yenye subira, lakini ukiivaa jua la saa nane mchana unaijua: kifua kinatoka jasho nyuma ya ile picha kana kwamba umebandikwa kipande cha turubai. Kisha kukawa na wasiwasi wa kiafya kuhusu baadhi ya vilainishi vyake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 iliweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa vilainishi kadhaa katika vitu vya kuchezea na vya malezi ya watoto, na wachapaji wengi wakazidi kuugeukia wino wa maji.

Wino wa maji unazama ndani ya nyuzi badala ya kukaa juu yake. Ukipitisha kidole juu ya nembo husikii ukingo. Nguo inapumua. Kwa watu wa pwani hiyo si anasa, ni nusura. Lakini una tabia zake, na anayeuchukulia kama plastisoli utamwaibisha mbele ya wateja wake.

Fungua ndoo uinuse. Katika aina nyingi utapata harufu kali ya amonia ikipanda puani. Ndani mna vitu vya msingi vitatu. Kuna chembe za rangi, ambazo zenyewe hazishiki chochote. Ukizipaka peke yake kwenye pamba zitapukutika kama vumbi. Kuna maji, ambayo ni chombo cha kubebea tu. Na kuna binda, ambayo ndiyo gundi, kwa kawaida ya akriliki au poliurethani, ikiwa imesambaa ndani ya maji kwa matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Kazi yote ya kudumu kwa fulana imo ndani ya matone hayo.

Maji yanapotoka, matone ya binda yanasogeleana, yanabanana, yanaanza kugusana huku yamezikumbatia chembe za rangi na nyuzi za pamba. Hapo ndipo fulana inapoonekana kavu. Lakini matone bado ni matone. Yamelala bega kwa bega bila kuungana, na maji yenye sabuni yakipita katikati yao yanayalainisha tena. Ni joto la juu, takribani nyuzijoto 150 hadi 160 kwa wino mwingi, linaloyafanya yayeyukiane kabisa na kufungamana kikemikali, tone na tone, hadi yakawa wavu mmoja usiorudi nyuma. Amonia iliyokuwa ikiulinda mchanganyiko usigande mapema inatoroka, uchachu unaongezeka, na ufungamano unashika kasi. Chungu kilichofinyangwa nacho hukauka juani kikawa kigumu ukikigonga, ila ukikitia maji kabla hakijapita motoni kinarudi kuwa udongo.

Viwanda vya nguo vinalijua hili tangu zamani. Kitambaa kinachochapwa kwa rangi za aina hii, hata kiwe cha maelfu ya mita, hupitishwa kwenye chumba cha kukaushia kisha kwenye chumba cha joto kali, nyuzijoto 150 kwa dakika kama tano au 160 kwa dakika kama tatu. Fundi wa fulana mia mbili anafanya kemia ileile ya kiwanda, isipokuwa yeye hana chumba hicho. Ana pasi, au ana hitipresi moja, yaani mashine ya kubana nguo kwa bamba la moto, au ana jua.

Nianze na jua, kwa sababu ndilo linalosababisha hasara kubwa zaidi. Fulana nyeusi iliyoanikwa kwenye bati mchana wa Februari inachoma mkono, na mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani hilo ni joto la kutosha. Halitoshi. Kitambaa hicho hakifiki hata nyuzijoto 80, yaani nusu ya linalohitajika, na kuongeza saa hakufidii. Kuanika kunaondoa maji, na hilo ni jambo jema linaloirahisishia kazi hatua inayofuata. Ila kwa wino wa kawaida kuanika peke yake ni nusu ya kazi, hata ukiacha fulana kambani wiki nzima.

Sasa maji yenyewe. Hapa kuna hesabu ambayo natamani kila karakana ingeibandika ukutani. Kupasha gramu moja ya maji kutoka nyuzijoto 30 hadi 100 kunahitaji kama jouli 300. Kuigeuza gramu hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji kama jouli 2,260, karibu mara nane zaidi. Na muda wote maji yanapogeuka mvuke, joto la mahali yalipo halipandi kupita 100 au pembeni yake. Maana yake, unaweza kuwa umeweka mashine kwenye 160, kioo kinaonyesha 160, na bado wino ulio kwenye fulana unakaa kwenye 100 kwa sababu kila joto unaloliingiza linaondoka na mvuke. Maelezo ya kwenye ndoo yanaposema nyuzijoto 160 kwa dakika tatu, yanazungumzia joto la wino, si joto la mashine. Saa inaanza kuhesabu pale maji yanapokwisha.

Na maji hayo si ya wino peke yake. Pamba hunywa unyevu wa hewa. Katika hali ya kipimo cha maabara, nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji yanayofikia kama asilimia 8.5 ya uzito wake ikiwa kavu kabisa. Fulana ya gramu 150 ina karibu gramu 12 za maji kabla hujaigusa kwa tone la rangi. Hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika ina unyevu kuliko ya maabara, na fulana iliyotoka stoo ya chini ya ghorofa imeshiba zaidi. Fundi anayetumia muda uleule Aprili na Agosti atapata matokeo mawili tofauti kisha atashangaa.

Katika karakana moja ya ghorofani Kariakoo nilisimama nyuma ya kijana aliyekuwa anaivisha fulana za shule, na alinifundisha zaidi ya maelezo yoyote ya kwenye ndoo. Hakuibana fulana mara moja. Aliitandaza juu ya hitipresi, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, kisha akalishusha bamba la moto likasimama juu ya kitambaa pasipo kugusa, kidole kimoja hivi cha nafasi. Mvuke ukaanza kutoka pembeni, mwepesi, ukipita kwenye shingo ya fulana na mikononi. Alikuwa anautazama huo mvuke, si saa. Ulipopungua hadi usionekane tena, akaweka karatasi laini isiyonata, akabana, akahesabu kimoyomoyo, akafungua kidogo kuruhusu pumzi iliyobaki itoke, akabana tena. Alipoiondoa karatasi aliigeuza na kuitazama upande wa chini. Ilikuwa safi. Angeibana mapema, mvuke uliofungiwa ungeunyanyua wino na kuuacha kwenye karatasi, nembo ikatoka na mabaka.

Kilichonigusa ni ile subira, kwa sababu ndiyo inayomgharimu. Kuchapa rangi moja kwa mkono uliozoea ni sekunde 20 au 30. Kuivisha vizuri kwa hitipresi, ukijumlisha kukausha na kubana, ni dakika tatu, pengine zaidi. Fulana 200 kwa dakika tatu ni dakika 600, saa 10 kamili za mtu mmoja kusimama mbele ya mashine ya moto, umeme ukiwa haujakatika. Mteja amekuja Alhamisi jioni, shughuli ni Jumamosi asubuhi, na bei ameishusha mpaka faida imebaki nauli. Kwenye hesabu hiyo kitu pekee kinachoweza kupunguzwa bila mteja kukiona ni zile dakika tatu. Zinakuwa moja. Zinakuwa sekunde 20. Mwisho zinakuwa fulana zilizorundikwa kwenye kiroba zikiwa na uvuguvugu wa jua.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mafundi wetu hawajui kazi. Wengi wanajua. Tunachowalipa ni kuchapa, kuivisha hatukulipii, kisha tunadai vyote viwili. Karakana kubwa zina tanuri lenye mkanda unaotembea: fulana inaingia upande huu, inapulizwa hewa ya moto kwa dakika kadhaa, inatoka upande wa pili imeiva. Hewa inayozunguka ni muhimu kama joto lenyewe, kwa kuwa ndiyo inayobeba mvuke. Taa za joto zisizo na upepo hukausha juu na kuacha ndani mbichi. Tanuri hilo ni ghali na linakula umeme, au gesi. Kwa karakana ndogo ninayoona inaelekea mbele ni ile inayonunua hitipresi ya pili kabla ya kununua skrini ya kumi.

Pasi ya nyumbani nayo inaweza, kwa kazi chache. Kitufe chake cha pamba hukaribia nyuzijoto 200, ila joto lake hupanda na kushuka kila inapojizima na kujiwasha, na bamba ni dogo. Fulana ianikwe kwanza mpaka ikauke kabisa. Ipigwe pasi kwa upande wa ndani au juu ya karatasi, bila maji na bila mvuke, kipande kwa kipande, kila kipande kwa dakika chache huku pasi ikisogezwa taratibu isiunguze. Nembo ya ukubwa wa karatasi ya A4 inahitaji pasi irudi mara nyingi kuliko mkono unavyotaka. Pasi ya mkaa siipendekezi. Joto lake halitabiriki na jivu likidondoka kwenye rangi nyeupe kazi imekwisha. Na asiingize mtu fulana kwenye oveni inayopikia chakula. Baadhi ya binda hutoa kiasi kidogo cha formaldehaidi zinapoiva, na hilo si jambo la kuchanganya na mkate. Hata kwenye karakana, madirisha yafunguliwe.

Tabia ileile ya wino wa maji inazaa shida mbili zinazopingana kutegemea uko wapi. Pwani wino unachelewa kukauka kwenye nguo. Ukienda Dodoma wakati wa kiangazi, upepo mkavu unaukausha ukiwa bado kwenye skrini. Matundu yanaziba, na nembo inaanza kukatika herufi baada ya fulana chache. Fundi wa huko hujifunza kutoiacha skrini wazi: kila akimaliza kuvuta anairudisha rangi ifunike matundu, na kopo la kunyunyizia maji mepesi liko karibu. Hayo ni matumizi mazuri. Tatizo ni dawa ya mkato, ile ya kumimina gliserini kwenye wino ili usikauke upesi. Inafanya kazi kweli, kwa sababu gliserini haitoki kirahisi. Huchemka karibu na nyuzijoto 290, ambako fulana yenyewe ingekuwa imeshaungua. Kwa hiyo inabaki. Inabaki ndani ya wino uliodhani umeuivisha, ikiyatenganisha matone ya binda yasifungamane, na kuvuta unyevu wa hewa kila siku. Watengenezaji wanauza vicheleweshaji vyao vyenye kipimo. Anayetumia hivyo afuate kipimo na aongeze muda wa joto.

Maji ya kuongezea nayo yanahitaji tahadhari hiyohiyo. Kijiko kimoja cha kulegeza wino mzito hakina ubaya. Lakini wino unaoongezwa maji ili ndoo itoshe oda umepunguziwa gundi, na hakuna joto litakalorudisha gundi ambayo haimo. Ni sawa na kuzidisha chembe za rangi ili nyekundu iwake zaidi: rangi ikizidi binda inayoweza kuikumbatia, ziada itatoka, hata uivishe siku nzima. Kila mtengenezaji huweka kikomo chake, na kikomo hicho si pambo.

Rangi nyeupe juu ya fulana nyeusi inastahili neno lake. Wino wa maji wa kawaida unapitisha mwanga, kwa hiyo juu ya nyeusi rangi hiyo haionekani nyeupe, inaonekana kijivu. Ili ifunike, hutiwa titani dioksidi kwa wingi na kuchapwa tabaka mbili au tatu, kila tabaka likikaushwa kidogo kwa hita kabla ya linalofuata. Hapo unakuwa umejenga ukuta mnene wa wino, wenye maji mengi, ambao juu yake unakauka na kujifunga kwanza. Chini bado kubichi. Ndiyo maana nembo nyeupe kwenye fulana nyeusi huongoza kwa malalamiko: inabanduka kwa vipande, mara nyingi kuanzia kwenye herufi nene. Inataka muda mrefu zaidi kuliko rangi nyingine yoyote, na hupewa uleule.

Jezi ni balaa la aina nyingine. Nyingi ni za poliesta, na rangi iliyotiwa kiwandani kwenye poliesta hugeuka mvuke ikipata joto kali, kisha ikahamia kwenye wino uliochapwa juu. Namba nyeupe kwenye jezi nyekundu inatoka karakana ikiwa nyeupe safi, na baada ya siku mbili imekuwa ya waridi. Hapo joto la 160 ambalo ni dawa kwa pamba linakuwa sumu. Poliesta inataka wino unaoiva kwa joto la chini, 120 au 130, au wino wa kuzuia rangi ya chini isipande. Timu nyingi za mtaani zimecheza fainali na namba za waridi kwa sababu hakuna aliyegeuza lebo ya shingoni kusoma kitambaa ni cha nini.

Kwa wasio na mashine kuna fiksa, kimiminika kinachochanganywa kwenye wino muda mfupi kabla ya kuchapa na kufanya matone ya binda yafungamane bila joto kubwa. Naiheshimu, imewaokoa wengi wakati wa mgao wa umeme. Ila ina masharti matatu ambayo hupuuzwa. Kwanza hupimwa kwa mizani, maana kipimo chake ni asilimia chache tu za uzito wa wino. Ikizidi, wino unakakamaa, ikipungua, haifanyi kitu. Pili, wino uliotiwa fiksa una saa chache za uhai kabla haujaanza kuganda ndani ya kopo, na hauhifadhiwi hadi kesho. Tatu, fulana zinahitaji kati ya siku moja na tatu za kukaa mahali pakavu penye hewa, zikiwa zimetandazwa au kutundikwa, si kurundikwa, ndipo ziguswe na maji. Fiksa nyingi zina kemikali zinazowasha ngozi na mapafu. Glavu si maringo.

Fundi atajuaje kama imeiva? Kipimajoto cha kulenga, kinachofanana na kile tulicholengwa nacho usoni wakati wa korona, kinasaidia, lakini kinasoma joto la juu ya wino tu, na kikilengwa kwenye chuma kinachong'aa kinadanganya. Vibandiko vya kupimia joto, vinavyogeuka rangi vikifika kiwango fulani na kubaki hivyo, vinasema ukweli zaidi kwa kuwa vinapita mchakato mzima pamoja na fulana. Kuvuta kitambaa uone kama rangi inapasuka ni kipimo cha plastisoli; wino wa maji ulio mbichi unaweza kuvutika vizuri sana.

Kipimo cha kweli ni maji. Chapa nembo kwenye kipande cha fulana ileile, iivishe kama utakavyoziivisha zote, iache ipoe, ikate katikati, nusu moja uifue mara tano kwa maji ya moto na sabuni, kisha uzilaze pamoja. Maabara hutumia kiwango cha kimataifa cha ISO 105-X12, ambapo kitambaa cheupe husuguliwa juu ya rangi mara 10 kwenda na kurudi kwa nguvu ya nyutoni 9, kikavu kisha kibichi, na matokeo kupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Karakana haina haja ya mashine hiyo. Kitambaa cheupe kilicholowa na kidole gumba kinachokandamiza vinatosha kumwonyesha fundi kama rangi inahama.

Hapa nina jambo la kuwaambia wanaoandika maelezo ya kwenye ndoo. Vipimo vingi vya ufuaji vinafikiria mashine. Sisi tunafua kwa mkono. Tunaloweka usiku, tunapaka sabuni ya mche palepale penye uchafu, na penye uchafu mara nyingi ni kifuani, juu ya nembo. Kisha tunafikicha, kitambaa kwa kitambaa, ngumi kwa ngumi, na kola inapata brashi. Hakuna mashine inayosugua sehemu moja namna hiyo. Fundi wa Afrika Mashariki anayetaka jina zuri apime kwa mkono wa dada anayefua za familia nzima Jumamosi, na kama nusu ya kipande imestahimili mkono huo, oda iendelee.

Mteja naye ana sehemu yake kabla ya kulipa arbuni. Aulize fulana ni pamba tupu au imechanganywa, wino ni wa maji au plastisoli, na utaivishwa kwa nini. Fundi anayejibu swali la tatu bila kubabaika ni wa kumwachia kazi. Mteja aombe kipande cha majaribio akifue mwenyewe nyumbani. Na atoe muda: siku mbili zaidi kwenye oda ya fulana mia zinabadilisha kila kitu nilichokieleza hapa, na hazimgharimu chochote isipokuwa kupiga simu mapema.

Kama fulana zimeshafika nyumbani na una shaka nazo, usizifue kwanza. Wino wa maji uliokauka bila kuiva bado unaweza kuivishwa, hata baada ya wiki kadhaa, ilimradi haujaguswa na maji ya sabuni na nguo ni ya pamba. Zitundike siku nzima zikauke mpaka ndani. Washa pasi kwa joto la pamba, zima mvuke, geuza fulana ndani nje, weka karatasi nyeupe isiyo na maandishi katikati ili rangi isihamie upande wa pili, na upitishe pasi polepole nyuma ya nembo, ukirudia kila sehemu kwa dakika chache. Acha ipoe. Lowesha kitambaa cheupe, sugua pembeni ya nembo mahali pasipoonekana sana, utazame kama kitambaa kimepata rangi. Kikipata, rudia. Kufua kwa mara ya kwanza kuwe kwa maji baridi, fulana ikiwa ndani nje, bila dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na ianikwe kivulini.